Mtoto Wangu Kifuani pa Nakijwa

Nakumbuka asubuhi moja ya msaragambo, mwanangu, baragumu lilipotuita kwenda kuzoa tope la ndiva. Msaragambo ni kazi ya kijiji kizima, na ndiva ni lile bwawa letu la udongo lililo juu ya mashamba. Maji hujaa humo usiku, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu, leo nyumba hii, kesho nyumba ile. Tope likizidi maji hayana pa kukaa, basi kila nyumba hutoa mtu. Ilikuwa enzi za Mwingereza, huku huku mlimani Mhezi, nami nilikuwa na miaka ishirini na minne au mitano, nani alikuwa anaandika? Binti yangu Naetwe alikuwa na miezi saba, nimembeba mgongoni. Nikajitwika kikapu cha tope, nikainua mkono wa kushoto kukishika, na kitu kikanivuta toka kwapani hadi kwenye titi, kama kuna uzi humo ndani umekazwa. Nikakitua kikapu chini.

Titi lile halikuwa geni kwangu. Lilikuwa na kivimbe tangu mtoto hajaanza kukaa. Kwanza kama punje ya mahindi, halafu kama kokwa la parachichi changa, na juu yake ngozi ilikuwa imeingia ndani kidogo, imefanya kishimo. Hakikuniuma. Nilijiambia ni maziwa yameganda. Nikakisugua kwa mafuta ya nyonyo ya moto, nikakikanda kwa kitambaa, nikamwambia mtoto, nyonya hapa, mama, nyonya. Hakikupungua hata chembe.

Utaniuliza, sasa mbona hukumwambia mtu? Ngoja nikueleze, na usinicheke. Au cheka tu, mimi nimeshazeeka, kicheko hakinidhuru.

Kulikuwa na Nakijwa. Huyu alikuwa mke wa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Huku kwetu wake wa ndugu wawili huitana wake wenza, ingawa kila mmoja ana mume wake. Mimi niliolewa mwaka mmoja kabla yake. Alipofika, nilifagia uani kwa mikono yangu mwenyewe kumpokea. Basi, kufagia kule ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kumfanyia jema kwa moyo safi.

Mwanangu, nilimwonea wivu mwanamke yule mpaka nikajishangaa. Mimi mtoto wangu wa kwanza alikufa kwa surua. Yeye alizaa mvulana, akazaa mvulana, akazaa tena mvulana, wote wana mashavu. Mume wangu alikuwa kwenye mkonge huko bondeni, naonana naye mara mbili kwa mwaka. Wake alikuwa nyumbani, kila jioni namsikia anakohoa uani, na kikohozi chenyewe kilinichoma. Mama mkwe akila makande ya Nakijwa, anaomba tena. Akila yangu, anasema ameshiba. Nilikuwa nahesabu mizigo ya kuni aliyoleta, naangalia moshi wa jiko lake ulianza saa ngapi. Na maziwa! Yule mwanamke alikuwa na maziwa yanayolowesha kaniki. Alikuwa amejifungua mwezi mmoja baada yangu, na mtoto wake mdogo alikuwa mzito kuliko Naetwe wangu. Nilikuwa nikikaa naye kizingitini tunanyonyesha, macho yangu hayatoki kifuani pake.

Sasa unaanza kuelewa. Nilijua nikisema nina kivimbe, nitaambiwa nishuke hospitali. Nikishuka, mtoto atabaki. Akibaki, nani atamnyonyesha? Jibu lilikuwa moja tu. Nikajiapiza, bora nife na titi langu kuliko Naetwe aonje ziwa la yule. Nilisema hivyo moyoni, kwa maneno hayo hayo, huku nina mtoto wa miezi saba ananitegemea. Tena lilikuwapo na suala la maji. Zamu yangu ya ndiva ingemwangukia yeye, angefungua mfereji wangu yeye, mahindi yangu yangestawi mkononi mwake, na watu wangesema, mnaona shamba la fulani lilivyopendeza tangu Nakijwa alishike. Mimi niyasikie hayo? Thubutu!

Basi turudi pale ndivani. Nimekitua kikapu, jasho linanitoka, na mama mmoja jirani akaniuliza, "Una nini, Mama Naetwe?" Hapo ningeweza kusema kweli. Lakini Nakijwa alikuwa mbele yetu, kikapu kichwani, anatembea kama hajabeba kitu, na watu wanamsifu. Roho ikaniuma. Nikasema, "Tangu yule anitazame nikimnyonyesha mtoto, titi langu halijatulia."

Nililisema kwa sauti ya chini. Lakini neno kama hilo, mwanangu, hata ukilinong'ona linafika. Kabla kazi haijakwisha nikaona wanawake wanajifunika vifua Nakijwa akipita. Mama mmoja alimgeuza mtoto wake akamkumbatia upande wa pili. Nakijwa akasalimia, akaitikiwa nusu nusu. Nami nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, kwa nini nikudanganye? Nilirudi nyumbani na kivimbe changu, na nilikuwa na furaha.

Ilipita juma moja. Nakijwa haendi tena kisimani na wenzake, anakwenda peke yake. Siku moja mchana nimekaa ndani namnyonyesha Naetwe titi la kulia, maana la kushoto alikuwa ameanza kulikataa, nikaona mlango umezibwa. Nakijwa huyo. Nyuma yake mama mkwe, na fimbo yake.

Nikajua leo napigwa. Kusema kweli nilitaka anipige, nipate la kusema.

Nakijwa hakunisalimia. Alisema, "Umewaambia watu nimelitazama titi lako. Sikulitazama. Leo nimekuja kulitazama."

"Toka kwangu," nikasema.

"Sitoki."

Mama mkwe akaketi kwenye kigoda, akaiweka fimbo magotini. "Fungua kaniki, Mama Naetwe," akasema. "Mimi nimezaa tisa. Hakuna titi litakalonishangaza."

Nikamwangalia, nikaona hana mzaha. Nikafungua.

Wote wawili wakainama kutazama. Kile kishimo kilionekana wazi, na chuchu ilikuwa imeinama upande. Nilitazama ukutani. Nilijua Nakijwa anaona sasa kwamba sina kitu, kwamba nimeharibika, na nilitamani ardhi inifiche. Halafu, mwanangu, akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akaketi mbele yangu goti kwa goti, akafungua kaniki yake, akachukua mkono wangu akauweka juu ya ziwa lake.

Lile ziwa nililolionea kijicho miezi yote ile! Sasa liko mkononi mwangu, la moto, zito. Nikataka kuuvuta mkono, akaukamata.

"Bonyeza hapa," akasema. "Unasikia? Nami nina kivimbe. Tangu asubuhi mtoto hajanyonya, ndiyo maana. Kisukume. Kinakwenda, si ndiyo? Nikimnyonyesha kitaondoka. Sasa shika lako."

Nikashika langu. Nikasukuma. Hakikwenda. Kilikuwa kigumu, kimeshikamana na nyama kana kwamba kimeota mizizi. Nilikuwa nimekigusa mara mia, lakini sikuwahi kugusa la mwenzangu nikapata kulinganisha. Pale pale uongo wangu wa maziwa yaliyoganda ukakwisha. Nikaanza kulia.

Nakijwa naye akashika, taratibu, hadi kwapani, na huko akakuta kingine kidogo. Akamtazama mama mkwe. Mama mkwe akasema, "Kesho unashuka Same."

Nikasema nami, huku nalia, "Na mtoto?"

"Mtoto atabaki na Nakijwa."

"Hapana!"

Nililipuka, mwanangu. Nilisema maneno ambayo mpaka leo nayaonea haya. Nilisema ana watoto watatu na mume na sasa anataka na wangu. Nilisema amekuja kunishika ili apate kuwaambia watu nimeoza. Nakijwa alifunga kaniki yake. Akasema, "Unafikiri mimi nakupenda? Umenifanya mchawi kijiji kizima. Lakini huyu mtoto hajanikosea kitu." Akatoka.

Mama mkwe alibaki. Mama yule hakuwa na maneno matamu, na sikuwahi kumpenda sana, lakini alichoniambia siku ile ndicho kilichonifanya niwe hapa nazungumza na wewe. Alisema, "Sikiliza, mke wa mwanangu. Ukifa, Naetwe atanyonya wapi?"

Nikajifunga kaniki upya.

"Nakuuliza. Utakapokuwa umezikwa pale nyuma ya migomba, mtoto atanyonya wapi?"

"Kwa Nakijwa," nikasema.

"Basi kwa Nakijwa atanyonya kwa vyovyote. Wewe chagua tu kama unataka kuwapo uone, au usiwepo." Akasimama, akachukua fimbo yake, akaenda kutafuta mtu wa kupeleka habari kwa mume wangu.

Nilikaa na neno lile mpaka jua likazama. Wivu haukuniondoka hata kidogo, nisije nikakudanganya kwamba nilitubu. Nilichofanya ni kupiga hesabu ya mpumbavu: nikifa, Nakijwa anapata kila kitu, moja kwa moja. Nikipona, angalau nitarudi kumnyang'anya.

Asubuhi nikampelekea mtoto. Nilimkuta anapepeta mahindi. Sikumwambia samahani, mdomo ulikataa. Nikamnyooshea Naetwe. Akampokea, akamweka kifuani, na yule mtoto wangu, msaliti mdogo yule, akanusa mara moja tu akanyonya. Hakulia! Nilingoja alie, walau kidogo, kwa heshima yangu. Akanyonya kwa pupa, mkono wake mdogo umekamata kaniki ya Nakijwa. Nikageuka nikashika njia ya kushuka, maziwa yananitiririka kwenye titi moja, na njia yote nilikuwa sioni mbele.

Mume wangu nilimkuta Same, stesheni, amekuja na nguo zake za mkonge. Tukapanda treni hadi kwenye hospitali kubwa. Huko alinichekesha bila kutaka. Dresa, yule msaidizi wa daktari, alipomwambia kwamba daktari Mzungu atanipima kifua, mume wangu akauliza, "Lazima alitazame? Hawezi kuelezwa tu?" Nikajisemea, kumbe ugonjwa huu wa wivu ni wa nyumba nzima.

Daktari alinipima muda mrefu. Dresa akanitafsiria: huu ni uvimbe mbaya, unatambaa, dawa yake ni kuondoa titi lote na vile vya kwapani. Nyinyi siku hizi mnaita saratani. Sisi hatukuwa na jina, na kitu kisicho na jina kinatisha zaidi. Niliuliza kama anaweza kukata kivimbe tu aniachie titi. Akasema kwangu haiwezekani. Nikauliza kama nitapona. Akasema hajui, lakini anajua nisipokatwa itakuwaje.

Kitanda cha pili alikuwapo mwanamke wa huko Ugweno, umri wangu. Yeye aliona haya. Alilificha titi lake mpaka lilipofanya kidonda, na hata hapo alikuwa akilifunga majani harufu isitoke. Daktari hakumkata, alisema kisu hakina la kufanya tena. Tulikuwa tunaongea mchana kutwa. Alinisifia sana, anasema, "Wewe una bahati, una mtu aliyekufungua nguo kwa nguvu." Mimi nikaona aibu, maana mtu mwenyewe nilikuwa bado namchukia. Mwanamke yule alifariki kabla sijatoka.

Nilikatwa. Sitakupamba maneno: iliuma, na nilipofungua kitambaa mara ya kwanza nikaona upande mmoja ni tambarare na mshono mrefu, nilipiga yowe. Kila nesi aliyepita nilimtazama kifua. Kila mama aliyekuja kuona mgonjwa, mzee kwa kijana, nilimtazama kifua, na nilimwonea wivu. Hata picha ya malkia wao pale ukutani niliitazama hivyo hivyo. Mkono ulikuwa haunyanyuki. Wakanifundisha kutambaza vidole ukutani kila siku, leo kidogo, kesho zaidi kidogo, na nikiwa natambaza nilikuwa namwaza Naetwe kifuani pa yule mwanamke, nakasirika, vidole vinapanda. Nadhani hasira ilininyanyulia mkono kuliko mazoezi.

Nilirudi baada ya zaidi ya miezi miwili. Maziwa ya titi lililobaki yalikuwa yamekauka. Nilipanda mlima polepole, napumzika kila kona, na nilipofika uani nikaona mambo matatu. Shamba langu lilikuwa la kijani kuliko mashamba yote. Nakijwa alikuwa ameketi juani. Na Naetwe wangu, amenenepa, ana meno mawili mapya ambayo sikuyaona yakiota, amekaa mapajani pake.

Nikamwita. Naetwe akanitazama, akageuka akaficha uso kwenye kifua cha Nakijwa, akasema, "Mama." Hakuwa akiniambia mimi.

Yaani mwanangu! Ndilo neno lake la kwanza nililolisikia, na nililisikia likienda kwa mwingine. Niliona wivu mpaka meno yakaniuma. Nakijwa akasimama, akaja, akambandua mtoto kifuani kidole kimoja kimoja, naye anapiga kelele kama anachinjwa. Machozi yalikuwa yakimtoka Nakijwa pia. Akaniwekea mtoto upande wa kulia, ule usio na kovu.

"Mchukue," akasema. "Atalia siku mbili tatu. Usinirudishie hata akilia."

Nikamshika kwa mkono wangu uliojifunza kupanda ukuta. Alinipiga, akanisukuma, akanilia sikioni mpaka akachoka, akalala begani pangu na pua yake inachuruzika shingoni. Nakijwa alikuwa bado amesimama pale, mikono mitupu, kaniki imelowa. Nikaona anamtazama mtoto, na macho yale niliyajua. Yalikuwa macho yangu mimi, ya miezi yote ile pale kizingitini. Hapo ndipo nikamwambia asante. Na siku ya msaragambo uliofuata nilisimama mbele ya wanawake wote pale ndivani, nikasema nilimsingizia. Ilikuwa ngumu kuliko kisu.

Tukapendana? Aa, tuliishi. Tuligombania kuni, kuku, na huyo huyo Naetwe, ambaye akikasirishwa kwangu alikuwa anakimbilia kwake. Wivu wangu ulizeeka nami. Na mume wangu, kama unataka kujua, aliniangalia kovu mara moja, akanifunika, akaniambia nikae nile. Mengine ni yetu wawili.

Kwa hiyo nakuambia wewe, mwanangu, na uwaambie wenzako. Jishike kifua chako. Ukikuta kitu kisichokwenda ukikisukuma, kisichoondoka mtoto akishanyonya, au ngozi imeingia ndani, au chuchu imegeuka, usijitungie hadithi ya maziwa. Sema siku hiyo hiyo, tena nenda hospitali ukapimwe, maana mkono wa mtu hauoni kila kitu. Utakuta moyoni una sababu ya kutokwenda. Mwingine ni haya, mwingine ni mume, mwingine anaogopa nani atakaa jikoni mwake. Mimi yangu ilikuwa wivu. Usingoje sababu hiyo iishe ndipo uende, haitaisha. Yangu nilipanda nayo treni, nikalazwa nayo, nikarudi nayo nyumbani. Panda nayo hivyo hivyo. Na kama kuna mwenzako unayemwona anajishikashika kifua pembeni, anageuza uso, mfuate, hata kama hampendani. Hasa kama hampendani, maana marafiki wataogopa kumuudhi.

Mungu akupe kifua kizima, mwanangu. Na kama hakukupa, akupe mtu mbishi wa kuziba mlango wako asitoke. Akupe umri wa kumkasirikia, na watoto wa kugombania, uamke kila siku umwone mwingine amewabeba, roho ikuume, na uwe hai hata iweze kukuuma.